Sandarusi ya Uzaramo na Daftari la Msajili

Masaki inayohusika hapa ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, katika nchi ya Wazaramo, si ile ya rasi ya Msasani yenye mabalozi na mahoteli. Ukitoka Dar es Salaam ukaviacha vilima vya Pugu nyuma yako, unaingia katika nchi ya mikorosho, minazi, mihogo na mchanga mwekundu. Ni nchi ambayo wengi wanaipita bila kuuliza imewahi kuuza nini duniani. Iliuza sandarusi, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa sandarusi bora kuliko zote.

Sandarusi ni utomvu wa mti uliodondoka zamani, ukafukiwa, ukakaa ardhini vizazi na vizazi hadi ukawa mgumu kama jiwe. Juu ya ardhi mti unaweza kuwa umekwisha kutoweka, lakini chini utomvu wake umebaki. Wazaramo walijua pa kuchimba. Walichimba mashimo mafupi kwa jembe dogo, mvua zikiwa zimelainisha udongo, wakakusanya vipande na kuvibeba hadi pwani, Mbwamaji, Kunduchi na Bagamoyo, ambako wafanyabiashara wa Kihindi walivipima kwa frasila na kulipa kwa vitambaa na shanga. Kutoka hapo mzigo ulivuka kwenda Unguja, na kutoka Unguja ukaenda Salem, mji wa Massachusetts huko Marekani, na baadaye London na Hamburg. Huko uliyeyushwa ukawa vanishi ya magari ya farasi, ya samani na ya meli.

Wachimbaji walikuwa na elimu yao ya ubora. Utomvu mbichi uliotoka mtini au uliofukiwa karibuni uliitwa chakazi, na bei yake ilikuwa ya chini. Ule wa kale ndio sandarusi yenyewe. Ukioshwa kwa maji ya magadi, uso wake huonyesha vipele vidogo kama ngozi ya bata bukini aliyenyonyolewa, na mnunuzi alivitazama vipele hivyo kabla ya kutaja bei. Richard Burton, aliyekatiza Uzaramo mwaka 1857 akielekea Ziwa Tanganyika, aliandika kurasa nyingi juu ya biashara hii na juu ya tofauti kati ya aina hizo mbili. Kwa maana hiyo, mali ya Uzaramo ilikuwa na alama yake ya ubora muda mrefu kabla ya kuwapo karani wa kuiandika. Alama ilikuwa ndani ya mali yenyewe.

Jina, hata hivyo, lilipotea njiani. Katika maghala ya Salem na London mzigo ule uliitwa sandarusi ya Zanzibar. Sandarusi bora ya kuchimbwa haikuwa ya kisiwani. Ilitoka Mrima, kwenye vilima vya nyuma ya pwani. Lakini forodha ya Sultani ilikuwa Unguja, konseli wa Marekani alikuwa Unguja tangu 1837, na hati za mizigo ziliandikwa Unguja. Sifa ikamfuata aliyeandika hati. Mzaramo aliyejua kuitofautisha sandarusi na chakazi kwa kuitazama tu alilipwa jora la nguo ya merikani, na sifa ya kazi yake ikavaa jina la bandari.

Kuna kisa kimoja katika biashara hii ambacho kila anayeandika sera za viwanda angepaswa kukijua. Kwa miaka mingi sandarusi ilisafirishwa ikiwa chafu, na ikasafishwa Salem kwenye kiwanda cha Jonathan Whipple, kilichowapa kazi watu wa mji ule. Mwaka 1861 Marekani ikaweka ushuru wa senti kumi kwa kila ratili ya sandarusi isiyosafishwa. Kulipa ushuru juu ya uchafu ni hasara, kwa hiyo wafanyabiashara wakahamishia kazi ya kusafisha Unguja. Kiwanda cha Salem kikanyauka. Bunge la mbali, bila kuifikiria Afrika Mashariki hata kidogo, likahamisha kazi za watu kutoka upande mmoja wa bahari hadi mwingine kwa mstari mmoja wa sheria ya forodha. Mstari kama huo ungeweza pia kuandikwa kwa makusudi na serikali iliyotaka watu wake wafaidike. Historia ya ukoloni Tanganyika inaonyesha kwamba nguvu hiyo ilijulikana vizuri sana.

Tuangalie upande wa pili wa mizani, yaani bidhaa zilizoingia. Nguo ya merikani ilipata jina lake kwa sababu ilitoka Marekani, na mnunuzi wa bara aliikataa nyingine kama uzito na ufumaji wake haukumridhisha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilipokausha mkondo ule, Manchester na baadaye Bombay zikaleta nguo za kuigiza merikani. Hapo swali la chapa likawa swali la pesa nyingi. Mnunuzi asiyejua kusoma aliitambua nguo kwa picha iliyobandikwa kwenye jora: simba, tembo, jua, mtu na ngamia wake. Aliyeiba picha aliiba soko.

Uingereza ilipitisha sheria yake ya kusajili alama za biashara mwaka 1875, na daftari likafunguliwa tarehe 1 Januari 1876. Alama ya kwanza kuandikwa ilikuwa pembetatu nyekundu ya watengeneza bia wa Bass. Biashara ya nguo za pamba ilikuwa na alama nyingi kiasi kwamba Manchester ilipewa ofisi yake yenyewe ya usajili. Picha nyingi zilizoandikwa humo zililenga macho ya watu wa mbali, Bara Hindi, China na Afrika. Mkulima wa Uzaramo, bila kujua, alikuwa mmoja wa waamuzi wa mwisho wa daftari lile, kwa kuwa yeye ndiye aliyeikubali au kuikataa nguo dukani.

Wafanyabiashara wa pwani nao walijua thamani ya jina, hata bila wanasheria. Huko Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza kuuza kanga mwaka 1887, na hadi leo kanga zake zinabeba herufi K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla. Mwanamke anayeuliza kanga ya Abdulla anauliza rangi isiyochuja na pamba nzito. Ndiyo kazi ya chapa, na hapa ilifanywa na mtu wa soko letu kwa lugha yetu.

Wajerumani walipoichukua pwani walikuja na sheria zao. Sheria ya alama za bidhaa ya Ujerumani ilitolewa tarehe 12 Mei 1894, na daftari lake lilikuwa Berlin, katika Ofisi ya Kifalme ya Hataza. Kwa mtu wa Uzaramo daftari hilo lilikuwa mbali kama mwezi. Kilichomfikia yeye kilikuwa kodi ya kibanda, hifadhi za misitu zilizomfungia maeneo ya kuchimba, na pamba. Mwaka 1902 utawala wa Gavana von Götzen ulianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya ya Dar es Salaam, chini ya majumbe, na watu wakatakiwa kuyafanyia kazi siku 28 kwa mwaka. Malipo ya mwaka wa kwanza yalikuwa senti 35 kwa mtu. Kuna waliokataa hata kuzipokea. Mwaka 1905 vita vya Majimaji vilipowaka, sehemu za Uzaramo ziliingia, na Kibasila, kiongozi wa Wazaramo aliyekataa pamba ile, akanyongwa. Robota za pamba zilizotoka huku zilikuwa na alama za wasafirishaji. Hakuna aliyewauliza waliolima wangetaka ziitweje.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Pugu na Soga na kufika Morogoro 1907. Sandarusi wakati huo ilikuwa imeanza kufifia: sandarusi ya Kongo ilijaa sokoni, na utomvu wa kauri, mti wa New Zealand, nao ulikuwa mshindani. Uzaramo ikabaki na nazi, muhogo, mkaa na nguvu za mikono za kupeleka mjini.

Waingereza waliweka utaratibu mpya kwa Amri ya Mfalme ya mwaka 1920, iliyoleta sheria za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai mwaka ule. Katika miaka ya 1920 na 1930 zikafuata sheria za makampuni, za majina ya biashara, za hataza na za alama za biashara. Utaratibu wa hataza ulikuwa wa wazi mno katika dhamira yake: aliyekwisha kupata hataza Uingereza aliweza kuileta Dar es Salaam na kuiandikisha, nayo ikapata nguvu hapa. Ofisi ya Dar es Salaam haikuchunguza uvumbuzi wowote. Iliitambua hati ya London na kuiandika.

Usajili wa alama za biashara ulikuwa na uhuru zaidi kidogo. Ombi lilipelekwa kwa msajili likitaja aina ya bidhaa, likatangazwa katika Gazeti la Serikali, mwenye pingamizi akapewa muda wa kulileta, kisha alama ikaingia daftarini kwa ada. Mtu wa Masaki hakukatazwa kuomba. Jambo hili tuliseme kwa haki, kwa sababu wengi hudhani sheria ilimfungia mlango. Sheria ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye bidhaa iliyokamilika, yenye pakiti, chupa au jora la kubandika alama. Kizuizi kilikuwa mahali pengine, katika maamuzi juu ya nani atakamilisha bidhaa na wapi. Kulielewa daftari la msajili kunahitaji kusoma vitabu vya forodha vya miaka ile ile.

Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa la wakati ule. Ibara ya 7 ya mkataba wa udhamini wa 1922 iliiagiza Uingereza kuwapa raia wa nchi zote wanachama usawa kamili wa kiuchumi, kibiashara na kiviwanda. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 nao ulizuia upendeleo wa ushuru katika eneo lote la bonde la kibiashara la Kongo, lililojumuisha Afrika Mashariki. Ndiyo maana nguo za Japani ziliweza kuingia Dar es Salaam kwa ushuru uleule wa nguo za Manchester, zikauzwa rahisi zaidi, na maskini wa miaka ya 1930 wakavaa.

Lakini usawa huo haukuwafikia wote. Tanganyika iliingizwa hatua kwa hatua katika soko moja la forodha na Kenya na Uganda, kuanzia 1923, na kwa ukamilifu zaidi 1927. Ushuru wa soko hilo ulikuwa umekwisha kupangwa kwa faida ya walowezi wa Kenya, waliotaka ngano yao, siagi yao na sukari yao zikingwe dhidi ya bidhaa za nje. Matokeo yalikuwa kwamba mnunuzi wa Tanganyika alilipa bei ya juu kwa unga wa Kenya, na hazina ya Tanganyika ikakosa ushuru ambao ungepatikana kama unga ungetoka ng'ambo. Mwaka 1932 Sir Sydney Armitage-Smith, aliyetumwa kuchunguza fedha za Tanganyika, alilikosoa jambo hilo waziwazi. Vivutio kwa viwanda vya ndani vilikuwapo basi, ila neno ndani lilimaanisha nyanda za juu za Kenya, na mlipaji mmojawapo alikuwa mkulima wa muhogo wa Kisarawe aliponunua mkate mjini.

Kisa cha kamba za katani ndicho kinachonikera kuliko vyote. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na kufikia miaka ya 1930 Tanganyika ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa katani duniani. Kiwanda kikaanzishwa hapa kusokota katani hiyo kuwa kamba na kuiuza Uingereza. Ilikuwa biashara ya akili: malighafi iko mlangoni, kazi ni rahisi, na soko linajulikana. Wasokota kamba wa Uingereza wakapiga kelele kwamba wanauziwa chini ya gharama zao. Wizara ya Makoloni haikuwaambia washindane. Ilikishinikiza kiwanda cha Tanganyika kipandishe bei, chini ya tishio la kuwekewa ushuru, na kabla ya muongo ule kwisha kiwanda kikafungwa. Robota za katani ghafi ziliendelea kuondoka bandarini kama kawaida, zikirudi nyingine zikiwa kamba zenye chapa ya mtu mwingine.

Katika bia mambo yalienda kwa njia nyingine. Mgema wa Uzaramo alihitaji leseni ya kugema na kuuza tembo lake, na polisi walikuwa na haki ya kumwaga. Bia ya chupa, kwa upande wake, ilikuwa na kampuni, alama na lebo. Kenya Breweries, iliyoanza 1922 na kuipa bia yake jina la Tusker baada ya mmoja wa waanzilishi kuuawa na tembo, iliinunua Tanganyika Breweries mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikajiita East African Breweries. Mwafrika hakuruhusiwa kuinywa bia hiyo kisheria hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Vinywaji viwili vilivyotengenezwa Afrika Mashariki, kimoja kilipewa ulinzi wa sheria na kingine kikawekwa chini ya ulinzi wa polisi.

Vita vile vya pili vilibadilisha fikra kidogo. Meli zilipungua, bidhaa zikaadimika, na serikali za makoloni zikalazimika kufikiria viwanda. Likaundwa Baraza la Viwanda la Afrika Mashariki, na mwaka 1948 nchi tatu zikapitisha sheria zinazofanana za leseni za viwanda. Bidhaa kadhaa ziliwekwa katika orodha maalumu, zikiwamo nyuzi na nguo za pamba, mablanketi na vyombo vya kioo, na mtu hakuruhusiwa kuanzisha kiwanda cha bidhaa hizo katika Kenya, Uganda au Tanganyika bila leseni ya baraza, lililofanya kazi chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki iliyokuwa na makao Nairobi. Aliyepata leseni alipata soko la nchi tatu, na mshindani angeweza kunyimwa leseni kwa miaka mingi.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Soko dogo haliwezi kulisha viwanda vinne vya nguo, na mtaji unahitaji uhakika. Tatizo lilikuwa mgawanyo. Kiwanda kikubwa cha nguo kikaenda Jinja, palipokuwa na umeme wa Mto Nile. Viwanda vingi vingine vikaenda Nairobi, kwa sababu benki, reli, wahandisi na wanunuzi wenye pesa walikuwa kule. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya 1953 hadi 1955 iliukosoa mfumo wa leseni. Tume ya Raisman, katika ripoti yake ya 1961, ilikiri kwamba Kenya ilifaidika zaidi na soko la pamoja, ikapendekeza mfuko wa kugawana mapato ili Tanganyika na Uganda zifidiwe. Fidia ya fedha, hata hivyo, haifundishi mtu kuendesha mashine ya kusokota.

Sheria mpya ya alama za biashara ilipitishwa Tanganyika mwaka 1957, ikiwa ya mtindo wa sheria ya Uingereza ya 1938. Ilikuja wakati chama cha TANU kinajaza viwanja vya mikutano, miaka minne kabla ya uhuru. Walioitumia kwa wingi walikuwa makampuni ya sabuni, dawa, sigara, mafuta na vyakula vya makopo, wengi wao wakiwa na makao ng'ambo. Chillington ya Wolverhampton ilijulikana Afrika kwa majembe yenye chapa ya mamba, na jembe hilo ndilo lililolima.

Baada ya uhuru serikali ya Tanganyika haikulitupa daftari. Mwaka 1963 ilipitisha sheria dhidi ya alama za uongo kwenye bidhaa, kumlinda mnunuzi. Mwaka 1964, katika Makubaliano ya Kampala, ilijaribu kugawana viwanda upya na majirani: Tanganyika ingeunganisha magari ya Land Rover na redio na kutengeneza matairi, Uganda baiskeli, Kenya balbu za umeme. Kenya haikuyaridhia makubaliano hayo kikamilifu, na Tanganyika ikaanza kuweka vizuizi vyake yenyewe dhidi ya bidhaa za jirani. Sheria ya alama ya 1957 iliendelea kutumika hadi Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986, na tangu 1999 daftari la Tanzania Bara linatunzwa na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni.

Korosho ndiyo iliyochukua nafasi ya sandarusi katika nchi hii, na kisa chake kinafuata nyayo zilezile kwa ukaribu unaotisha. Katika miaka ya 1970, kwa mikopo mikubwa, Tanzania ilijenga viwanda vya kubangua, na kimoja kati yao kiliwekwa Kibaha, si mbali na mikorosho ya Kisarawe. Viwanda vilikamilika wakati mavuno yalikuwa yameporomoka, kwa sehemu kwa sababu watu walihamishiwa vijijini wakaacha mikorosho yao mbali. Vingi vilisimama, kisha vikabinafsishwa. Korosho ghafi zikaendelea kwenda India, na baadaye Vietnam, zikabanguliwa huko na kuwekwa kwenye pakiti zenye alama zilizosajiliwa huko.

Serikali sasa inatoza ushuru wa asilimia 15 ya thamani, au dola 160 kwa tani, ipi iliyo kubwa, kwa korosho ghafi inayotoka nje. Ni kinyume cha ushuru wa Salem kwa upande mmoja, kwa kuwa unatozwa na nchi inayouza, lakini lengo ni kile ambacho Marekani ilikifanya bila kukusudia mwaka 1861: kuifanya kazi ya kusafisha na kubangua ibaki upande huu wa bahari. Ushuru peke yake hautoshi bila umeme, mikopo ya bei nafuu na wanunuzi wa uhakika, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mavuno bado inaondoka katika magunia. Lakini mkulima wa Masaki mwenye kikundi chake, akiwa na korosho zilizobanguliwa na pakiti mkononi, anaweza leo kuomba BRELA usajili wa jina la kata yake. Kinachobaki kuamuliwa, kama mwaka 1861 na kama miaka ya 1930, ni kama atakuwa na mashine ya kumfikisha hapo.